Mjane, Halmashauri na Simu ya Padre



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja mjane alinisubiri mlangoni pa ofisi ya parokia. Mkononi alishika bahasha ya kaki iliyochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Ndani yake mlikuwa na barua ya serikali ya mtaa, nakala ya fomu ya uthamini yenye sahihi yake, picha ya nyumba yake iliyoandikwa namba kwa rangi nyekundu ukutani, na cheti cha kifo cha mumewe. Halmashauri ilikuwa imetwaa eneo lao ili kujenga soko jipya. Wathamini walipita, wakapima, wakaandika. Fidia ilipotoka, majirani waliitwa kuchukua hundi zao. Jina lake halikuwamo.

Alikuwa amekwenda ofisini mara sita. Mara ya kwanza aliambiwa mhusika yuko safarini. Mara ya pili aliambiwa faili liko kwa mkubwa. Mara ya tatu, nenda kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akamrudisha alikotoka. Mara ya sita mlinzi wa getini alimwambia, "Mama, wewe kila siku wewe."

"Padre," aliniambia, "mimi sina mtu. Lakini wewe unafahamiana na wakubwa pale. Wapigie tu simu."

Nikapiga. Kusema kweli, niliona fahari kidogo kuwa mtu ambaye simu yake inapokelewa. Wiki mbili hazijaisha, jina la mama yule likapatikana, na hundi ikaandikwa. Jumapili iliyofuata alileta jogoo kwenye matoleo, na waamini wakapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mchungaji aliyempata kondoo wake.

Mwezi mmoja baadaye ndipo nilipojua habari kamili. Mzee mmoja wa mtaa ule, ambaye hasali kwetu wala kokote, aliniuliza kwa upole kama nami ningeweza kumpigia simu yake. Naye hakulipwa. Nikamuuliza kama kuna wengine. Walikuwa kumi na mmoja. Tulipolinganisha fomu zao na ya yule mama, namba zao zilifuatana bila kuruka. Wote walikuwa wameandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari la uthamini, na inaelekea ukurasa huo mzima haukunakiliwa wakati orodha ya malipo ilipochapwa. Simu yangu ilirekebisha mstari mmoja na kuuacha ukurasa. Zaidi ya hapo, ilimfundisha ofisa husika kwamba kosa lake linafunikwa kwa kumridhisha mwenye padre.

Niliona aibu. Ndiyo sababu naandika makala hii, na nawaandikia hasa mafrateri ambao kesho na keshokutwa watakabidhiwa funguo za ofisi za parokia. Hoja yangu ni hii: Kanisa linapogeuka kuwa mlango wa upendeleo, hata kwa nia njema, linawadhulumu wale wasio na mlango. Kazi yetu ni kuwafundisha watu kulalamika kwa haki, kwa utaratibu, na mbele ya chombo chenye mamlaka ya kuchunguza.

Ombudsmani ni nani?

Chombo cha namna hiyo kipo. Duniani kinaitwa ombudsmani, neno lililotoka Sweden, nchi iliyoanzisha ofisi hiyo katika katiba yake ya mwaka 1809. Maana yake ni mwakilishi, mtu anayesimama kwa niaba ya mwingine. Ombudsmani hatoi hukumu kama hakimu. Yeye ni mchunguzi aliyewekwa na sheria ili raia wa kawaida, asiye na wakili wala fedha, aweze kusema, "Ofisi hii imenitendea isivyo haki," na mtu huru akaenda kufungua faili na kuona kilichotokea.

Wengi wetu hatujui kwamba nchi yetu ilitangulia wengine barani Afrika katika jambo hili. Mwaka 1966, wakati wa Mwalimu Nyerere, Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya. Nchi ilikuwa imeingia katika mfumo wa chama kimoja, na Mwalimu alitambua hatari yake: viongozi wenye madaraka makubwa na raia wasio na pa kusemea. Makamishna walisafiri mikoani, wakafanya mikutano ya hadhara kueleza kazi yao, kisha wakawasikiliza wananchi mmoja mmoja. Udhaifu mkubwa wa tume ile ni kwamba taarifa zake zilikwenda kwa Rais, si kwa umma. Mlalamikaji aliweza kupata nafuu, lakini wananchi hawakujifunza kosa lilikuwa wapi.

Leo kazi hiyo inafanywa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Imewekwa na Katiba, ibara ya 129, na sheria yake ni Namba 7 ya mwaka 2001. Inapokea malalamiko bila ada, kwa maandishi au kwa mdomo. Inaweza kuanza uchunguzi yenyewe bila kusubiri mlalamikaji. Inaweza kuita mashahidi na kudai nyaraka. Haigusi shauri ambalo tayari liko mahakamani au limekwisha kuamuliwa huko. Na halmashauri zetu, za wilaya, miji, manispaa na majiji, ziko ndani ya mamlaka yake.

Anachunguzaje?

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo twende hatua kwa hatua. Nitatumia mfano wa Uingereza, kwa sababu kule England kuna ombudsmani aliyewekwa mahsusi kwa ajili ya malalamiko dhidi ya serikali za mitaa, kwa sheria ya mwaka 1974. Kazi yake imezoeleka, na kila hatua inaonekana wazi.

Kwanza, mlalamikaji anatakiwa aanze kwenye halmashauri yenyewe. Ombudsmani huuliza: je, uliwaeleza? Walijibu nini? Halmashauri hupewa muda wa kutosha kujirekebisha, kwa kawaida wiki kumi na mbili hivi. Wapo wanaoona hatua hii kama kumzungusha mnyonge. Mimi naona ina hekima, kwani anayemshtaki jirani yake kwa mchunguzi kabla ya kuzungumza naye amemnyima nafasi ya kutubu. Bwana wetu alifundisha utaratibu huo huo katika Injili ya Mathayo sura ya 18: kwanza ninyi wawili, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa.

Pili, lalamiko lina muda wake. Kule England ni miezi kumi na miwili tangu mtu alipojua tatizo, isipokuwa kuna sababu nzuri ya kuchelewa. Karatasi hupotea, maofisa huhamishwa, kumbukumbu hufifia. Anayenyamaza miaka mitano akitumaini mambo yatajipa anaifanya haki yake iwe ngumu kuthibitishwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mchunguzi hauulizi uamuzi wa halmashauri kama ulikuwa mzuri au mbaya. Anauliza mambo mawili: je, kulikuwa na kosa katika namna uamuzi ulivyofikiwa au kutekelezwa? Na je, kosa hilo limemletea huyu mtu madhara? Madiwani wakiamua soko lijengwe mashariki na si magharibi, na wamefuata taratibu, mchunguzi hawezi kuwaamulia vingine. Hiyo ni kazi ya waliochaguliwa, na dawa yake ni kura. Lakini wakiruka ukurasa wa daftari, wakishindwa kujibu barua kwa miezi, wakitumia kanuni isiyokuwapo, wakimnyima mtu taarifa aliyostahili kupewa, hapo kuna kosa. Na mjane akikosa kodi ya chumba kwa sababu hiyo, hapo kuna madhara.

Nne, mchunguzi anakwenda kwenye faili. Anaomba barua, mihtasari ya vikao, orodha, fomu. Anawahoji maofisa. Ikibidi, anakwenda kuona eneo. Anasikiliza pande zote mbili, na kabla ya kutoa uamuzi huwapa wote rasimu waisome na kusema kama amekosea. Kitabu cha Mithali kinatukumbusha kwamba anayetangulia kueleza kesi yake huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumhoji. Hata mjane anaweza kukosea. Hata ofisa anaweza kuwa amesingiziwa. Kuna malalamiko mengi ambayo yakichunguzwa hukutwa hayana msingi, na kumwambia mlalamikaji ukweli huo kwa heshima, pamoja na sababu, nako ni kumtendea haki.

Tano, akikuta kosa anapendekeza tiba. Lengo ni kumrudisha mtu pale ambapo angekuwa kama kosa lisingetokea: aombwe radhi, alipwe anachostahili, uamuzi ufanywe upya. Na tangu mwaka 2007 sheria ya kule inamruhusu kuchunguza hata mambo aliyoyagundua njiani, ambayo mlalamikaji hakuyataja. Kwa hiyo, akikuta mstari mmoja umerukwa, ana haki ya kuuliza habari za ukurasa mzima. Simu yangu haikuweza kufanya hivyo.

Sita, anatangaza. Uamuzi huchapishwa bila jina la mlalamikaji, na halmashauri nyingine husoma na kujifunza. Mapendekezo yake hayana nguvu ya hukumu ya mahakama, lakini halmashauri karibu zote huyatekeleza, kwa sababu kukataa hadharani kunawagharimu imani ya wananchi.

Kuna jambo moja la historia ya ofisi hiyo ambalo limenigusa. Hapo mwanzo, mkazi wa England kwa kawaida hakuruhusiwa kumwandikia ombudsmani moja kwa moja. Ilimpasa apitie kwa diwani. Mwaka 1988 sheria ikabadilishwa, mkazi akaruhusiwa kupeleka lalamiko lake mwenyewe, na malalamiko yakaongezeka sana. Watu walikuwa na vilio siku zote. Kilichowazuia ni kulazimika kumtafuta mtu wa kuwasemea. Nilipoyasoma hayo nilijiona mimi mwenyewe, padre niliyekaa mlangoni kama yule diwani wa zamani.

Wajane wa Yerusalemu

Wapo watakaosema kwamba kulalamika si tabia ya Kikristo. Nawasihi wafungue Matendo ya Mitume, sura ya 6.

Idadi ya wanafunzi ilikuwa inaongezeka. Wayahudi wenye kusema Kigiriki wakawanung'unikia Waebrania kwamba wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Tazama lilivyofanana na la kwetu: huduma ya umma, orodha ya wanaostahili, na kundi la wajane ambalo halimo. Mitume wangeweza kufanya nilivyofanya mimi. Petro angewatuma vijana wapeleke kikapu kimya kimya kwa mjane mmoja aliyemfahamu, na mambo yakapoa. Au wangewakemea walalamikaji kwamba wanavunja umoja wa jumuiya changa.

Hawakufanya hivyo. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, lalamiko likawekwa mezani. Walikiri kwamba wao wenyewe hawawezi kusimamia meza na Neno kwa pamoja. Wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wapewe jukumu hilo. Na wasomaji wa Biblia wamegundua kwamba majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki. Inaonekana wazi kwamba jumuiya iliukabidhi ugawaji mikononi mwa upande uliokuwa unalalamika. Mitume walitengeneza utaratibu wote, na kila mjane aliyesahauliwa akafaidika, awe anajulikana kwa Petro au hajulikani. Na mwinjilisti anahitimisha kwa kusema kwamba Neno la Mungu likaenea. Tusiipite sentensi hiyo haraka. Injili ilienea baada ya lalamiko kusikilizwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unawataka raia washiriki maisha ya nchi yao, na wakati huo huo unawaonya wasidai kutoka kwa serikali upendeleo usiofaa. Nimeisoma hati hiyo mara nyingi tangu nilipokuwa seminari kuu. Sikuwahi kudhani kwamba onyo hilo linanihusu mimi ninaposhika simu.

Hoja za wanaopinga

Nimewaeleza mapadre wenzangu mawazo haya, na wamenijibu kwa hoja nzito. Si vizuri kuzikwepa.

Wa kwanza alisema, "Tume haina meno." Akanitajia Nyamuma, wilayani Serengeti. Mwaka 2001 wananchi waliondolewa huko kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa moto. Wakapeleka malalamiko kwenye Tume. Tume ikachunguza, ikasikiliza pande zote, na mwaka 2004 ikasema haki zao zilivunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali haikuyakubali mapendekezo hayo, na shauri likaingia katika safari ndefu ya mahakama. Suala hilo halikuwa la halmashauri peke yake, lakini somo lake ni lile lile: mchunguzi anaweza kusema kweli na kweli hiyo ikakaa kwenye kabati. Mwenzangu aliongeza kwamba kati ya mwaka 2018 na 2019 Tume ilikaa muda mrefu bila mwenyekiti wala makamishna kuteuliwa. Chombo bila watu hakiwezi kusikiliza mtu.

Nakubali yote hayo. Lakini tazama upande wa pili. Wananchi wa Nyamuma wasingepeleka lalamiko, leo tungekuwa na uvumi tu: hawa wanasema hivi, wale wanasema vile. Kwa sababu kulikuwa na uchunguzi, kuna taarifa rasmi iliyosema walionewa, na kwa taarifa hiyo waliweza kusimama mahakamani. Sheria yenyewe imeweka njia ya kwenda mahakamani pale mapendekezo yanapopuuzwa. Meno ya mchunguzi ni ukweli uliothibitishwa, na ukweli huo unahitaji watu wa kuudai utekelezwe: wabunge, madiwani, wanahabari, na sisi. Tume ikiwa dhaifu, dawa ni kudai iimarishwe, ipewe watu na fedha, na taarifa zake kuhusu halmashauri zitangazwe kwa lugha ambayo mkazi wa kawaida anaielewa. Tukirudi kwenye simu za wakubwa kwa kuwa Tume ni dhaifu, tutaidhoofisha zaidi.

Wa pili alisema, "Uchunguzi ni wa polepole, na mjane ana njaa leo." Hoja hii inaniuma zaidi, kwa kuwa ni kweli. Sitamlaumu padre anayepiga simu ili mama na watoto wasilale nje. Lakini kuna namna ya kupiga simu. Usiseme, "Msaidie huyu, ni mtu wangu." Uliza, "Je, ni huyu tu, au kuna wengine kwenye ukurasa wake?" Na simu ikikatwa, kaa chini na mama yule mwandike barua, ili kesho jambo lisitegemee tena kama padre ana salio.

Wa tatu, mzee wetu mwenye busara, alisema taratibu, "Na sisi je?" Akanyamaza. Hakuhitaji kuendelea. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 212, inawapa waamini haki ya kuwaeleza wachungaji wao mahitaji na maoni yao. Kanuni ya 1733 inatamani kwamba anayejiona ameonewa na uamuzi wa kiutawala apate suluhu ya haki bila ugomvi, na inaruhusu kuwekwa katika kila jimbo ofisi au baraza la kudumu kwa kazi hiyo. Ni parokia ngapi ambazo mwamini anajua pa kupeleka lalamiko kuhusu matumizi ya mchango, au kuhusu mazishi yaliyokataliwa, bila kuogopa kutajwa kwenye matangazo? Hatuwezi kuihubiria halmashauri ifungue madirisha na sisi tumefunga ya kwetu. Mafrateri, anzeni hapa. Mtakapopewa parokia, jambo la kwanza mliulize: mtu akinilalamikia mimi, atakwenda kwa nani?

Tufanye nini katika jumuiya

Haya yote yatabaki maneno kama hayatafika kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo. Napendekeza kila parokia, kupitia kamati yake ya Haki na Amani, ifundishe mambo machache.

Jambo la kwanza ni kujua mlango. Ukiombwa rushwa, mlango wako ni TAKUKURU. Ukigombania mpaka au umiliki wa kiwanja na jirani, kuna mabaraza ya ardhi. Kiongozi akijilimbikizia mali au kuficha maslahi yake, kuna Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Lakini ofisi ikikuchelewesha bila sababu, ikikuruka, ikikubagua, ikitumia madaraka vibaya, au ikikataa kukupa majibu, hapo ndipo penye kazi ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kikundi cha akina mama kilichotimiza masharti ya mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani, kikanyimwa bila maelezo huku kingine kisichotimiza kikipewa, kina lalamiko la aina hiyo.

Jambo la pili ni kuanza karibu: serikali ya mtaa au kijiji, mtendaji wa kata, kisha mkurugenzi wa halmashauri. Andika barua, usiseme tu. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo mdogo una thamani kuliko safari sita za miguu, maana safari hazina kumbukumbu.

Jambo la tatu ni kuandika ukurasa mmoja wenye mambo manne: nini kilitokea na lini; nani ulimweleza na alijibu nini; umepata madhara gani; unaomba nini. Usitukane. Usiandike historia ya maisha yako. Usikisie nia ya mtu. Mchunguzi anahitaji kitu cha kwenda kukitafuta kwenye faili. "Fomu yangu ni namba fulani, ilisainiwa tarehe fulani, na haimo katika orodha ya malipo" ni sentensi inayoweza kuchunguzwa. "Pale ni wezi watupu" haichunguziki.

Jambo la nne ni kuuliza majirani kabla ya kupeleka. Lalamiko la mtu mmoja linaweza kuonekana bahati mbaya. La watu kumi na mbili wenye namba zinazofuatana linaonyesha lilipo kosa. Na katika kuuliza, tusichague kwa dini wala chama. Katika mtaa ule, waliorukwa walikuwa Wakatoliki, Walutheri, Waislamu, na yule mzee asiyesali popote. Ukurasa uliosahauliwa ulikuwa umewakusanya pamoja kabla yetu.

Walimu na wanafunzi wa seminari wanaweza kusaidia sana katika mwaka wa kichungaji: kuwasomea wasiojua kusoma, kuandika wanachosema bila kuongeza chumvi, na kuwasomea tena kabla hawajaweka dole gumba. Kazi hiyo inamfunza frateri kusikiliza kuliko mihadhara mingi. Utamsikiliza mtu mpaka mwisho, utamwuliza tarehe, utatofautisha alichokiona na alichoambiwa. Ukiweza hivyo mezani pa jumuiya, utaweza pia katika kitubio.

Barua ya watu kumi na wawili

Nimalizie nilikoanzia. Baada ya mazungumzo na yule mzee, tuliwakusanya wote chini ya mwembe wa parokia, siku ya Jumatano, si Jumapili, ili wasio wa kwetu wasijisikie wageni. Frateri aliyekuwa nasi mwaka ule aliandika barua. Niliwaambia wazi kwamba safari hii sitampigia mtu yeyote simu. Wengine walinuna, na nawaelewa.

Barua ilikwenda kwa mkurugenzi, ikagongwa muhuri. Miezi ikapita bila jibu. Ndipo tukaandika nyingine kwa Tume, tukaambatanisha nakala ile yenye muhuri. Mpaka naandika makala hii wanasubiri uchunguzi, na sitawadanganya kwamba kusubiri ni kwepesi. Kila Jumapili nakutana na macho yao, na najua simu yangu iko mfukoni.

Lakini siku ya kusaini barua ile kuna kitu nilikiona. Wale kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye benchi. Mama mjane akaja na bahasha yake ya kaki, ingawa yeye alikwisha kulipwa na hakuwa na anachodai. Nikamwuliza, "Mama, wewe unasaini nini tena?"

"Fomu yangu nayo ilikuwa kwenye ukurasa huo, Padre," akasema. "Wakiangalia namba, wataona yangu inaanza." Akachukua kalamu, akaandika jina lake la kwanza kabisa juu ya mengine, na tarehe.